Pete za Darubini ya Bunduki: Namna ya Kuzichagua na Kuzifunga

Bunduki inapoanza kutawanya risasi, mshtakiwa wa kwanza huwa darubini, wa pili huwa risasi zenyewe, na pete zinazoishika darubini hazitajwi hata kidogo. Mimi nimekwisha kuwa miongoni mwa washtaki hao. Bunduki yangu ya kuwindia, ambayo ilikuwa ikiweka matundu matatu ndani ya duara la sentimita 3 kwa umbali wa mita 100, ilianza msimu mmoja kuyatawanya kwa sentimita 12, nami kwa ukaidi nikanunua darubini nyingine. Haikusaidia. Nilipofungua kila kitu juu ya meza niliikuta skrubu ya mbele ya besi, yaani kipande kinachofungwa juu ya bunduki ili kubeba pete, ina ncha inayong'aa kama kioo. Ilikuwa ndefu kwa uzi mmoja tu, ikawa inagota kwenye nyuzi za mtutu kabla ya kuifikia kazi yake. Mkononi ilionekana imekazwa barabara, kumbe ilichokuwa ikikibana ni mtutu, na besi imebaki ikicheza kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Nilisugua ncha hiyo kwa tupa, nikaikaza upya, na darubini ya zamani ikarudi kazini bila kinyongo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mwenye bunduki anayoimiliki kihalali, ya kuwinda au ya michezo ya shabaha, anayetaka kufunga darubini mwenyewe bila kuharibu kitu. Katika yote yatakayofuata nakusihi ukumbuke jambo moja: pete hushika, haikabi. Makosa karibu yote ya kazi hii hutokea pale mtu anapojaribu kuziba kwa nguvu ya mkono kasoro ambayo ingerekebishwa kwa kipimo.

Anza na bunduki, usianze na duka

Kabla ya kufikiria pete za aina gani, tazama sehemu ya juu ya bunduki, mahali panapobeba bolti, kile kipande kinachosogezwa mbele na nyuma kuingiza risasi. Utakuta mojawapo ya hali nne, na kila hali ina pete zake.

Hali ya kwanza ni reli yenye mifuo inayokatisha, inayofanana na meno ya msumeno yaliyokatwa vichwa. Reli za namna hii ni za aina mbili, nazo huwachanganya watu wengi kwa sababu zinafanana sana. Picatinny, ambayo kiwango chake cha kijeshi cha Marekani kinajulikana kama MIL-STD-1913, ina mifuo yenye upana wa milimita 5.23, na kutoka katikati ya mfuo mmoja hadi katikati ya mwingine ni milimita 10.01, bila kubadilika kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Weaver, ambayo ni ya zamani zaidi, ina mifuo myembamba ya milimita 4.57, na nafasi kati ya mfuo na mfuo haina kanuni moja. Kutokana na tofauti hiyo, pete ya Weaver kwa kawaida huingia kwenye reli ya Picatinny, lakini pete ya Picatinny mara nyingi hukataa kuingia kwenye besi ya Weaver, kwa kuwa chuma chake cha kukatiza, kile kinacholala ndani ya mfuo, ni kinene kuliko mfuo. Ukiwa huru kuchagua, chagua Picatinny. Mifuo yake mingi inakupa nafasi ya kusogeza pete mbele au nyuma, na uhuru huo utauhitaji utakapofika kwenye kupima nafasi ya jicho.

Hali ya pili ni mifuo miwili inayokwenda sambamba na mtutu, iliyochongwa moja kwa moja kwenye mwili wa bunduki. Bunduki ndogo za .22 na bunduki za upepo nyingi ziko hivi, na upana wa reli hiyo huwa takriban milimita 11, ingawa ziko za inchi 3/8, yaani milimita 9.5. Pima kwa kalipa. Usikisie, kwa sababu pete ya 11 iliyolazimishwa kwenye reli ya 9.5 itakaa upande na kung'ata chuma kwenye ncha tu.

Hali ya tatu ni mwili wa bunduki ulioundwa kwa ajili ya pete za kiwanda chake. Tikka T3 ina reli ya milimita 17, CZ 550 ina ya milimita 19, Sako ina mfuo unaopanuka kuelekea upande mmoja, na Ruger nyingi zina vikato maalumu vya pete za Ruger. Hapa hakuna ujanja: nunua pete zilizotajwa kwa jina la bunduki hiyo. Faida yake ni kwamba kiungo kimoja kimepungua kati ya bunduki na darubini, na kila kiungo kinachopungua ni skrubu chache za kukulegea.

Hali ya nne ni mwili laini wenye matundu ya skrubu yaliyozibwa. Huu unahitaji besi kwanza, ya vipande viwili au ya kipande kimoja kirefu. Ya kipande kimoja huongeza uimara na hurahisisha kuzipanga pete katika mstari mmoja. Ya vipande viwili ni nyepesi na huacha wazi mlango wa kujazia risasi, jambo ambalo mwindaji mwenye vidole vyenye baridi hulithamini.

Wapo pia wanaouza besi yenye mwinamo, hasa wa dakika 20 za pembe. Dakika moja ya pembe ni karibu milimita 29 kwa mita 100, kwa hiyo mwinamo huo unaipa darubini karibu sentimita 58 za kurekebisha juu kwa umbali huo. Anayepiga shabaha ya mita 800 na kuendelea atauhitaji. Anayewinda ndani ya mita 250 hana haja nao, na kwa darubini yenye uwezo mdogo wa kurekebisha anaweza hata kushindwa kuishusha shabaha kiasi cha kutosha.

Kipenyo cha bomba

Hili ni fupi. Mabomba ya darubini huwa ya inchi 1, yaani milimita 25.4, au ya milimita 30, au ya milimita 34. Yako pia ya 35 na 36, na darubini za zamani za Ulaya zinaweza kuwa na 26. Kipenyo cha pete lazima kilingane na cha bomba kabisa. Usikubali maneno ya kwamba 35 na 34 ni kitu kimoja. Vikombe vya kupunguzia kipenyo, vinavyoiwezesha pete ya milimita 30 kushika bomba la inchi 1, vinafanya kazi kwenye bunduki isiyo na teke kubwa, lakini mimi sivipendi, kwa kuwa vinaongeza kitu kingine kinachoweza kuteleza. Kwa upande mwingine, ikiwa darubini yako ina reli yake yenyewe chini ya bomba, kama zilivyo baadhi ya darubini za Ulaya, basi haihitaji pete hata kidogo bali kifungio cha reli hiyo.

Kimo: hapa ndipo fedha hupotea

Maneno "fupi", "wastani" na "ndefu" yaliyoandikwa kwenye paketi za pete hayana maana moja. Kiwanda kimoja hupima kimo kutoka juu ya reli hadi chini ya bomba, kingine hupima hadi katikati ya bomba, na pete "ya wastani" ya huyu inaweza kuwa "ndefu" ya yule. Soma milimita, kisha hakikisha unajua zimepimwa kutoka wapi hadi wapi. Kwa pete ya milimita 30, tofauti ya vipimo hivyo viwili ni nusu ya kipenyo, yaani milimita 15, na hiyo inatosha kukufanya ununue pete mara mbili.

Kimo unachokihitaji unaweza kukihesabu ukiwa nyumbani. Laza rula iliyonyooka juu ya reli, ikitokeza mbele juu ya mtutu, kisha pima uwazi kati ya rula na mtutu mahali ambapo lenzi ya mbele itakuwa. Tuseme ni milimita 6. Pima kipenyo cha nje cha kichwa cha mbele cha darubini, ukikumbuka kwamba darubini inayoitwa ya milimita 50 ina lenzi ya 50 lakini kichwa chake kwa nje kinaweza kufika 57. Nusu ya 57 ni 28.5. Ongeza milimita 3 za nafasi ya kupumua, unapata 31.5, ondoa zile 6 za uwazi, unabaki na 25.5. Hicho ndicho kimo cha chini kabisa kutoka juu ya reli hadi katikati ya bomba. Ikiwa muuzaji anapima hadi chini ya bomba la milimita 30, ondoa 15, na pete unayoitafuta ni ya milimita 10.5 au inayozidi hapo kidogo.

Hesabu hiyo ina mitego mitatu. Reli ndefu inayopita chini ya kichwa cha lenzi inaufuta ule uwazi wa milimita 6, kwa hiyo kichwa kinapaswa kupita juu ya reli yenyewe. Kifuniko cha lenzi kinachofunguka kwa bawaba kinaongeza unene, pima nacho kikiwa kimevaliwa. Na mpini wa bolti unapoinuliwa unaweza kugonga kipande cha jicho upande wa nyuma. Bunduki ambazo bolti yake huinuka nyuzi 90 zina ugomvi huu zaidi kuliko zile za nyuzi 60.

Baada ya kupata kimo cha chini kabisa, usikimbilie kuongeza. Darubini iliyo karibu na mtutu inaruhusu shavu kulala imara juu ya kitako. Iliyo juu sana inamfanya mpigaji aning'inize kichwa hewani kama kuku anayechungulia juu ya ua, na jicho lisilo na pa kuegemea halirudi mahali pamoja mara mbili. Hata hivyo kupunguza kupita kiasi nako kuna adhabu yake. Lenzi inayogusa mtutu husukumwa kila mtutu unapotetema na unapopata joto. Jaribio la zamani ni kupitisha karatasi iliyokunjwa mara mbili kati ya mtutu na darubini: ikipita bila kukwama kutoka upande hadi upande, hakuna panapogusa.

Chuma, aluminiamu na idadi ya skrubu

Kwa bunduki nyingi, pete za aluminiamu iliyochongwa vizuri zinatosha na zinapunguza uzito. Aluminiamu ya daraja la 7075 ni ngumu kuliko 6061, na nyuzi za skrubu hukaa salama zaidi ndani yake. Chuma ni kizito, lakini nyuzi zake huvumilia kufunguliwa na kufungwa mara nyingi, nami nakipendelea kwa bunduki zenye teke kubwa kama .375 H&H au .458. Kwa bunduki hizo tazama pia kama pete ina chuma cha kukatiza kinachoingia ndani ya mfuo wa reli, maana hicho ndicho kinachobeba teke. Pete inayotegemea msuguano pekee itatambaa.

Bunduki ya upepo yenye springi ina tabia yake. Inaruka nyuma, kisha pistoni inapogota mwisho wa silinda inaruka mbele, na mtikisiko huo wa pande mbili umeua darubini nyingi nzuri zisizotengenezwa kwa ajili yake. Kwa bunduki hiyo tumia kifungio cha kipande kimoja chenye pini ya kuzuia inayoingia kwenye tundu la reli.

Pete za kutoa haraka, zenye mkono wa kubana, ni nzuri kwa anayehitaji kurudi kwenye vilengeo vya chuma vya bunduki yenyewe akiwa porini. Usiamini tu kwamba zitarudisha shabaha mahali pake. Piga risasi tatu, toa darubini, irudishe kwenye mifuo ileile, kisha piga tatu nyingine. Karatasi itakujibu.

Vya kuweka mezani

Unahitaji jiliwa au kiti cha kushikia bunduki chenye mipira laini, alenki au bisibisi zinazoingia kwenye kichwa cha skrubu bila kucheza, bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, pima maji mbili ndogo, kamba na kitu kizito cha kufanyia timazi, spiriti ya kusafishia, kitambaa kisichoacha nyuzi, na gundi ya skrubu ya rangi ya buluu, ile ambayo hufunguka kwa kifaa cha kawaida. Ile nyekundu iache. Kuifungua kunahitaji moto, na moto na lenzi havikai nyumba moja.

Ile bisibisi yenye kipimo ndiyo watu huiruka kwa sababu ya bei yake. Mkono wa binadamu hauwezi kutofautisha Newton mita 2 na 4 kwenye alenki fupi, nami sijakutana na fundi anayejisifu kwamba anaweza ambaye sikukuta alama za kung'atwa kwenye mabomba yake.

Hatua ya kwanza: bunduki tupu

Toa magazini. Fungua bolti, tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kuthibitisha. Toa bolti kabisa uiweke mbali na meza. Risasi ziwe chumba kingine. Kazi hii itakufanya uikabili bunduki kutoka pande zote, pamoja na mbele ya mtutu, na hakuna sababu ya kufanya hivyo na bunduki ambayo hujaihakiki mwenyewe.

Hatua ya pili: besi

Safisha kwa spiriti matundu ya skrubu, skrubu zenyewe, na uso wa chini wa besi. Mafuta ya kiwandani yaliyobaki ndani ya matundu huizuia gundi kushika.

Kisha fanya jaribio ambalo lingeniokolea bei ya darubini. Weka besi mahali pake, ingiza skrubu moja tu bila gundi, ikaze kwa wepesi, na jaribu kuitikisa besi. Ikishikwa na skrubu hiyo pekee, skrubu ni nzuri. Itoe uijaribu inayofuata. Ikikaza huku besi ikiendelea kucheza, skrubu hiyo inagota mahali. Skrubu za besi mara nyingi huwa na urefu tofauti, na ile ya tundu la mbele kabisa ndiyo hugota kwenye nyuzi za mtutu, ilhali zinazokuwa juu ya njia ya bolti zinaweza kuchomoza na kuikwaruza. Rudisha bolti baada ya kukaza, iendeshe mbele na nyuma taratibu, kisha itoe tena.

Zote zikiwa salama, weka tone dogo la gundi kwenye kila skrubu na uzikaze kwa zamu. Skrubu ndogo za 6-48, ambazo ni za kawaida kwenye besi, hukazwa karibu Newton mita 1.7 hadi 2.3, yaani inchi-pauni 15 hadi 20. Kijikaratasi cha mtengenezaji kikitaja namba nyingine, fuata kijikaratasi.

Hatua ya tatu: nusu za chini za pete

Panga pete mbali moja na nyingine kadiri darubini inavyoruhusu, lakini pasiwe na pete inayopanda kwenye mteremko wa kichwa cha lenzi, wala kugusa kasha la vifundo vya kurekebishia, wala kushika pete ya kukuzia, ile ya darubini yenyewe inayozungushwa kubadili ukuzaji. Acha milimita chache kila upande.

Kabla ya kukaza kila pete kwenye reli, isukume mbele, kuelekea mdomo wa mtutu, hadi chuma chake cha kukatiza kiguse ukuta wa mbele wa mfuo. Sababu yake ni hii: bunduki inaporuka nyuma, darubini kwa uzito wake hutaka kubaki ilipokuwa, ambayo kwa macho ya bunduki ni sawa na kukimbilia mbele. Pete iliyokwisha kugusa ukuta haina pa kukimbilia. Iliyoachiwa uwazi itaumaliza uwazi huo kwa risasi za kwanza, na shabaha itahama nayo. Nguvu ya kukaza nati ya reli hutofautiana sana, kuanzia Newton mita 3.4 hadi zaidi ya 7, kwa hiyo hapa kijikaratasi cha mtengenezaji ndicho pekee cha kufuata.

Hatua ya nne: je, pete ziko katika mstari mmoja?

Laza darubini ndani ya nusu za chini bila kofia, yaani nusu za juu za pete. Inapaswa kulala kote bila kuyumba. Funga kofia ya pete ya mbele tu, kwa wepesi, kisha inamia na utazame bomba linavyolala kwenye pete ya nyuma: kama limeinuka upande, au limeegemea ukuta mmoja huku upande wa pili una mwanga, pete haziko katika mstari. Rudia kwa kufunga ya nyuma na kutazama ya mbele. Ukizikaza hivyo hivyo, bomba litapindwa, na bomba lililopindwa linaathiri mitambo midogo ya ndani inayosogeza msalaba, ile mistari ya kulengea unayoiona ndani ya darubini.

Dawa ya zamani ni kusaga pete kwa nondo ya chuma yenye kipenyo cha bomba, iliyopakwa pesti ya kusagia, ikisukumwa mbele na nyuma hadi rangi ya pete iondoke kwenye sehemu kubwa ya uso wa ndani. Inafanya kazi, nami nimeifanya kwa pete za bei nafuu. Lakini imegeuka mazoea, watu wakasaga pete ambazo hazina kosa. Chuma kilichoondoka hakirudi, na pete iliyosagwa kupita kiasi hufunga midomo yake kabla ya kushika bomba. Pete zilizochongwa kwa usahihi zikiwa juu ya reli ya kipande kimoja hazihitaji kusagwa, na zile zenye vikombe vya plastiki vinavyojigeuza ndani yake ni marufuku kabisa. Kosa likiwa kubwa, tazama besi kwanza; mara nyingi imefungwa juu ya chembe ya uchafu.

Hatua ya tano: nafasi ya jicho

Funga kofia zote kwa wepesi, bomba liweze kuteleza na kuzunguka kwa mkono. Weka ukuzaji wa juu kabisa, kwa kuwa hapo ndipo nafasi ya jicho huwa finyu zaidi. Fumba macho, weka bunduki begani kama kawaida yako, laza shavu, kisha fumbua. Ukiona duara kamili lenye mwanga, umefika. Ukiona kivuli cheusi kinachozunguka ukingo, mwombe mwenzako aisogeze darubini mbele au nyuma wakati wewe hujasogeza kichwa; ukisogeza kichwa umeshajidanganya.

Rudia ukiwa umesimama, umeketi, na umelala kifudifudi, ukiwa umevaa nguo utakazovaa siku ya kazi, maana koti nene linasukuma kitako mbele na kulala kifudifudi kunasukuma kichwa mbele. Darubini nyingi za bunduki zinataka jicho liwe milimita 80 hadi 100 nyuma ya lenzi. Ukiwa kati ya nafasi mbili, chagua ya mbele zaidi. Wapo wengi wenye kovu dogo la mwezi mwandamo juu ya nyusi, alama ya darubini iliyowagonga kwa teke la bunduki, na wote walichagua ya nyuma.

Hatua ya sita: timazi

Ning'iniza timazi mbali kadiri chumba au uwanja unavyoruhusu, mita 20 zinatosha. Weka pima maji moja juu ya uso bapa wa reli na uinyooshe bunduki ndani ya jiliwa hadi povu likae katikati. Sasa tazama ndani ya darubini na uizungushe hadi mstari wa wima wa msalaba ulale sambamba na kamba. Wengine huweka pima maji ya pili juu ya kifuniko cha kifundo cha juu. Ni njia ya haraka, lakini kifuniko hicho hakikuahidi kuwa sambamba na msalaba uliomo ndani, na kamba haijui kudanganya.

Je, mwinamo mdogo wa kwenda upande una madhara? Kwa mita 100 karibu hauonekani. Lakini chukulia risasi inayoshuka mita 3 kabla ya kufika kwenye shabaha ya mbali: mwinamo wa nyuzi 3 tu utaipeleka pembeni karibu sentimita 16, na mpigaji atamlaumu upepo.

Hatua ya saba: kukaza kofia

Hapa kuna uchokozi mmoja wa kudumu: ukikaza skrubu za upande mmoja kwanza, kofia huvuta bomba na msalaba uliounyoosha kwa nusu saa hugeuka mbele ya macho yako. Kaza kwa kuvuka, upande huu kisha ule, mbele kisha nyuma, robo mzunguko kila mara, na uchungulie timazi baada ya kila duru. Uwazi kati ya kofia na nusu ya chini uwe sawa pande zote mbili. Upime kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, au hata kwa kipande cha kadi. Ziko pete chache ambazo zimeundwa kufunga midomo ya upande mmoja kabisa, na maelezo yake yatasema hivyo.

Skrubu za kofia hukazwa Newton mita 1.7 hadi 2, yaani inchi-pauni 15 hadi 18, na mtengenezaji wa darubini akitaja kidogo kuliko mtengenezaji wa pete, mtii yule wa darubini. Hapa situmii gundi. Nyuzi zenye umajimaji huteleza, na kipimo kilekile cha bisibisi huzalisha mbano mkubwa kuliko uliokusudiwa. Skrubu kavu na safi zilizokazwa sawa hazilegei zenyewe. Ukimaliza, zungusha pete ya kukuzia na kifundo cha pembeni cha kulenga umbali. Vikiwa vizito kuliko vilivyokuwa kabla ya kukaza, umekaba. Legeza, sogeza pete mbali kidogo na sehemu hiyo, kaza upya.

Hatua ya nane: uwanjani

Bolti ikiwa bado nje, laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga na utazame kupitia ndani ya mtutu hadi shabaha ya mita 25 ikae katikati ya tundu. Bila kuigusa bunduki, sogeza msalaba kwa vifundo hadi uangukie shabaha hiyo hiyo. Ikiwa vifundo vinakaribia mwisho wa safari yao kabla ya msalaba kufika, usiendelee. Besi au pete zimekaa kombo, na kulazimisha kwa vifundo ni kuficha ugonjwa.

Piga risasi ya kwanza kwa mita 25, sahihisha, kisha nenda mita 100 na upige makundi ya risasi tatu. Kwenye kifundo cha robo dakika ya pembe, mlio mmoja husogeza karibu milimita 7 kwa umbali huo. Kwenye kifundo cha sehemu ya kumi ya mili (kipimo kingine cha pembe, sehemu ya elfu ya radiani), mlio mmoja ni sentimita 1 kamili. Sahihisha kwa kundi, usisahihishe kwa tundu moja.

Kabla ya kuondoka, chora kwa rangi ya kucha mstari mwembamba unaovuka kila skrubu na chuma kilicho kando yake, na mwingine unaovuka ukingo wa pete na bomba. Baada ya risasi 20 vitazame. Mstari wa skrubu ukiwa umevunjika, safisha skrubu hiyo na uikaze kwa kipimo. Wa bomba ukiwa umevunjika, darubini inateleza: usiongeze nguvu kwenye kofia, bali fungua, futa mafuta ndani ya pete na juu ya bomba kwa spiriti, na urudie kuanzia hatua ya nne. Na mistari yote ikiwa mizima huku matundu yakiendelea kutawanyika, toa darubini, toa pete, na uichunguze ncha ya skrubu ya mbele ya besi.